Mjomba na Bawa la Kushoto

Ukiwaambia watu una ndege, macho yao yanashuka moja kwa moja hadi mfukoni mwako. Kadi za michango ya harusi zinakufikia kiasi kikiwa kimeshajazwa. Hakuna anayetaka kusikia kwamba ni Cessna 172 ya mwaka 1974, kwamba tunaimiliki watu wanne, wala kwamba robo yangu mara nyingi huwa imelazwa juu ya meza ya hanga pale Wilson, Nairobi, ikisubiri spea.

Aliyeshtushwa na ndege hii kuliko wote ni mjomba. Aliendesha matatu ya Peugeot njia ya Nakuru kwa miaka mingi, na ufundi wake wote umesimama juu ya vitu vitatu: waya, mpira wa tyubu na sabuni ya mche. Tangi likivuja, sabuni. Bomba likipasuka, tyubu. Mengine yote, waya. Alikuja kututembelea wakati wa ukaguzi wa saa 100, injini ikiwa wazi.

"Hii boliti mmeitoa wapi?"

"Marekani, mjomba."

"Na Kirinyaga Road zimejaa?"

Fundi wetu, mtu mpole mwenye leseni, alimweleza kwamba boliti ya ndege huja na karatasi inayoonyesha ilikotoka na nani aliyeipitisha. Bila karatasi hiyo haifungwi, hata ikifanana na mwenzake kama pacha. Mjomba alitafakari, kisha akauliza kama karatasi inaweza kununuliwa peke yake. Fundi alipata ghafla kazi ya dharura upande wa pili wa hanga.

Halafu mjomba akaona waya. Boliti za injini zimetobolewa vichwa na kufungwa kwa waya wa chuma kisichoshika kutu, umesokotwa nyuzi mbili. Kuna elimu ndani yake: unasokotwa kwa upande ambao boliti ikitaka kulegea, waya unaivuta kuikaza. Hayo ya upande hayakumfikia. "Waya!" alisema, akitutazama mmoja mmoja. Kwake kesi ilikuwa imekwisha na yeye ndiye mshindi.

Kilichomvua kofia ni plagi. Silinda nne, plagi nane, na magneto mbili zinazozalisha cheche zenyewe, hivi kwamba betri ikifa angani injini inaendelea kunguruma. Sikumwambia kwamba petroli yetu ya buluu bado ina risasi, inayoganda kwenye plagi vipunje vigumu, na kwamba kuvichokoa kimoja kimoja ni kazi ambayo fundi humwachia mwenye ndege. Heshima ya familia ni kitu cha kulindwa.

Chini ya bawa la kushoto kuna mrija mdogo unaopokea upepo ili saa ya kasi isome. Nyigu wanaupenda kuliko nyumba yoyote ya kupanga jijini. Ukisahau kuufunika, wanaingia na udongo wao, nawe siku ya kuruka utatimua mbio barabara nzima huku saa ikisisitiza kwamba umeegesha. Kifuniko chetu ni chekundu, kina utepe mrefu, na bado kila rubani anakikagua kwa mashaka.

Bawa hilohilo, ukingoni mwake mbele, lina kitundu cha honi. Hewa ikivutwa humo, honi hulia kumwonya rubani kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege. Kuipima ukiwa chini, unaweka leso safi juu ya kitundu, unaweka mdomo, unavuta pumzi. Mjomba alitoka msalani akanikuta katika hali hiyo, macho nimefumba, bawa likitoa mlio wa kulalamika. Hakuuliza chochote. Alienda kusimama karibu na lango.

Jioni mama alinipigia simu.

"Mjomba wako anasema umeanza kubusu ndege."

"Siibusu, mama. Ninaivuta pumzi."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema kesho atapita kwa mchungaji.