Pikapu Yenye Kitanda

Wanaong'ang'ania pikapu za kizamani hawajui raha. Wanataka gari liwake asubuhi, libebe mzigo, lirudi jioni. Basi, kama punda. Marekani wameshavuka ushamba huo. Ford F-150 ya mwaka 2021 ilitoka na viti vinavyoweza kulazwa karibu kama kitanda, na gia inayojikunja ili dereva apate meza. Huo ndio uungwana: gari likigoma njiani, una pa kulala na pa kumwandikia fundi barua. GMC nao wana mlango wa nyuma unaokaa namna sita. Mlango wa nyumbani kwako unafunguka na kufungwa tu, na hata aibu huoni.

Watakuja wabishi na habari za injini. Watasema mwaka 2024 Toyota iliita zirudishwe Tundra za 2022 na 2023, pamoja na Lexus LX, zote kama 102,000, kwa sababu ya mabaki ya kiwandani yaliyosahauliwa ndani ya injini. Wataongeza kwamba injini hiyo yenye turbo mbili ilichukua nafasi ya V8 ya lita 5.7, ambayo kosa lake lilikuwa kunywa petroli na kukataa kufa. Hoja nyepesi! V8 ile ilimnyima tajiri wake nafasi ya kujuana na mafundi. Tena gari la zamani lilizimika kienyeji, kwa kukohoa. La sasa lina skrini ya inchi 14, msiba unausoma bila miwani.

Ukienda kununua, usimsumbue muuzaji akufungulie boneti. Laza kiti, ujipime.