Kikao cha Droo ya Wakili

Droo ya wakili mmoja wa Dar es Salaam, kama droo nyingi za mawakili, ina kila kitu isipokuwa kile anachokitafuta. Jioni moja, ofisi imekwisha fungwa, wakaazi wake wanne waliingia kwenye ubishi: Mhuri wa mpira, mzee mwenye cheo cha kuzaliwa nacho, Kadi ya Mchango wa harusi, iliyoandikwa "Ahadi: laki tatu", Bahasha ya kaki, mtu wa maneno machache na siri nyingi, na punje ya Pilipili Manga iliyodondoka kwenye pilau ya mchana.

Kadi ndiye aliyeanza. Harusi ilikuwa imekaribia, mweka hazina wa kamati alishakumbusha mara kadhaa kwenye kundi la WhatsApp, na mwenye droo alijibu kwa dole gumba tu.

"Shikamoo Mzee Mhuri. Mimi ni ahadi ya maandishi, nina jina na kiasi. Kamati ikinipeleka mahakamani, si tutashinda?"

"Marahaba binti yangu. Hamtashinda. Kamati imempa nini huyo bwana?"

"Imemfikiria! Katika ukoo mzima na mtaa mzima imemzingatia yeye, ikamletea kadi yenye maua ya dhahabu."

Mhuri alicheka nusura wino umtoke. "Mimi hapa kila siku nagonga mikataba inayosema 'kwa kuzingatia malipo ya shilingi kadha wa kadha'. Kuzingatia huko si kwa shangazi anayekukumbuka sikukuu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 25, inasema makubaliano ambayo hakuna kilichotolewa kwa ajili yake ni batili, ukiacha hali chache ilizozitaja. Aliyeahidiwa naye atoe kitu, au afanye jambo, au aache kulifanya, au aahidi, na iwe ni kwa matakwa ya aliyeahidi. Heshima, shukrani na maua ya dhahabu havimo."

"Atoe kiasi gani?"

"Hata mimi natosha," Pilipili alidakia, akijiviringisha katikati ya kikao. Swali hilo alikuwa akilisubiri tangu mchana. "Kule Bermuda, katika mji wa St. George's, chama cha Freemason kimepanga jengo la kale la serikali, State House, tangu 1816. Kodi ya mwaka mzima ni punje moja ya pilipili. Moja! Inaletwa juu ya mto wa mahameli kwenye sinia la fedha, Gavana anaipokea, na gwaride linapigwa."

"Na mwenye nyumba wa Sinza anataka miezi sita mkupuo," Bahasha alinong'ona.

Pilipili hakumsikia, au alijifanya. Alihamia Uingereza, kwenye kesi ya Chappell dhidi ya Nestlé ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Kampuni ya chokoleti ilikuwa ikiuza santuri kwa shilingi moja na nusu pamoja na makaratasi matatu ya kufungia chokoleti. Makaratasi yenyewe, yakishafika, yanatupwa jalalani. Majaji wa House of Lords waligawanyika, lakini walio wengi waliamua kwamba makaratasi hayo ni sehemu ya bei. Mmoja wao, Lord Somervell, alieleza kuwa punje ya pilipili inabaki kuwa malipo halali hata kama mpokeaji haipendi pilipili na ataitupa.

"Kwa hiyo takataka inatosha, heshima haitoshi?" Kadi aliuliza.

"Takataka iliyoombwa," Mhuri alisahihisha. "Mahakama haipimi uzito, inatazama kama kilitoka mkononi. Lakini si kila kitu ni kitu. Mwaka 1853 kijana mmoja wa Kiingereza, Bluett, alidai baba yake alimwahidi kumfutia deni iwapo ataacha kumlalamikia. Akaambiwa kunyamaza si malipo, kwani hakuwa na haki ya kulalamika tangu mwanzo."

Bahasha aliguna. "Mnahangaika bure. Mimi nikifika kaunta, mtu anasema 'mzee, nifikirie basi', mzee anafikiria, faili linaonekana. Hakuna shahidi, hakuna pilipili."

"Na asipofikiria?"

Kimya.

"Kifungu cha 23," Mhuri akaendelea. "Kinachotolewa kiwe halali. Ukimpa karani elfu hamsini akakuzungusha, huna mkataba wa kumdai. Ukienda kulalamika umejishitaki mwenyewe, maana Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamkamata mtoaji kama mpokeaji."

Kadi, kwa kweli, alistahili kusikilizwa zaidi ya wenzake. Harusi, misiba na ada za watoto wa ndugu katika nchi hii zinaendeshwa kwa ahadi ambazo sheria isingezipa hata kiti cha kukalia, na nyingi zinalipwa. Anayezilipisha ni aibu, na aibu haina kifungu.

"Lakini mwenye droo ni mjomba wa bwana harusi," Kadi alijaribu tena. "Ndugu wa damu!"

"Hapo umenena. Kile kifungu cha 25 kinakubali ahadi ya ndugu wa karibu kwa ajili ya mapenzi ya asili, ila iwe imeandikwa na kusajiliwa. Wewe umeandikwa kwa kalamu ya mkopo na hujasajiliwa popote. Na usajili peke yake hautoshi. Mwaka 1900, mahakama ya Calcutta iliona hati ya mume aliyemwahidi mkewe fedha, imesajiliwa vizuri kabisa. Bahati mbaya hati yenyewe ilisimulia ugomvi wao. Majaji wakauliza, mapenzi yako wapi? Mke akakosa."

"Calcutta inatuhusu nini?"

"Sheria yetu ya 1961 ilifuata kwa karibu ile ya India ya 1872. Kenya wao walichukua sheria ya mikataba ya Waingereza, ndiyo maana Pilipili anapendwa zaidi Nairobi. Na India ndiko ilikoamuliwa kesi yako. Howrah, kesi ya 1886: bwana mmoja aliahidi rupia 100 za kujenga ukumbi wa mji. Wajenzi, wakitegemea ahadi za wachangiaji, wakaingia mkataba na mkandarasi. Akalipishwa. Kesi ya 1914, Allahabad: ahadi ya rupia 500 kukarabati msikiti. Hakuna fundi aliyeitwa wala tofali lililonunuliwa. Dai likatupwa. Sasa niambie, ukumbi wa harusi umelipiwa?"

"Kianzio kimelipwa juzi, na mpishi ameshaagiziwa mchele. Vyote kwa hesabu ya ahadi."

"Basi kamati ina la kusema mbele ya hakimu," Mhuri alisema, "ingawa wakili wetu atabisha, ndiyo kazi yake. Itunze risiti za ukumbi na za mchele, na ihakikishe tarehe zake ni za baada ya ahadi."