Nyumbu Hawakati Tiketi

Uhamaji wa nyumbu wa Serengeti ni mzunguko usio na mwanzo wala mwisho. Nyumbu zaidi ya milioni moja, pamoja na pundamilia na swala tomi kwa malaki, hufuata mvua na majani mabichi mwaka mzima. Kati ya Januari na Machi huwa kusini, upande wa Ndutu, ambako majivu ya volkano ya kale yameyatajirisha majani kwa madini, na ndama huzaliwa kwa maelfu ndani ya wiki chache. Masika yakielekea kwisha makundi hushika njia ya magharibi, mto Grumeti, na tangu Julai hivi hufika mto Mara na kuvuka hadi Kenya. Mwezi wa Novemba hurejea kusini. Ramani za watalii huonyesha safari hiyo kwa mishale minene, kana kwamba nyumbu wamekata tiketi stendi.

Kwa anayetoka Arusha kwenda kuwaona, lami huishia lango la Lodoare, Ngorongoro, na hapo ndipo hasara huanzia. Dereva husisitiza vioo vifungwe, lakini hakosekani abiria anayeona joto. Nyani wa langoni hana papara. Hupanda boneti, huchungulia, huingiza mkono, kisha huketi kando na boksi la chakula magotini, akimenya yai kwa utaratibu wa mtu aliyelipia. Wenzake abiria hupiga picha. Mwenye boksi hapigi.

Mbele ya lango ni changarawe yenye mikunjo kama bati la nyumba, inayolegeza hata meno ya bandia. Kwenye mabasi ya mikoani, abiria aliyebanwa humwomba dereva asimame akachimbe dawa. Hifadhini hairuhusiwi kushuka ovyo, kwa kuwa kichaka kinaweza kuwa na mwenyewe. Soda iliyonywewa Karatu hujutiwa kabla ya Seronera. Kwenye misitu, mbung'o huvutiwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Aliyevaa jinzi mpya huwa mtego wenye miguu.

Kogatende, ukingoni mwa Mara, kazi ni kungoja. Magari hujificha mbali ili yasiwashtue wanyama. Nyumbu hujazana wakikoroma kama vyura, mmoja hushuka, hunusa maji, hufikiri. Pundamilia mmoja anakunywa, ndege anaruka, na kundi zima linatimua mbio kurudi porini. Hilo huweza kurudiwa mara nne kabla ya mchana. Walioapa kutofumba macho hulala kwa zamu, isipokuwa zamu zenyewe hazikupangwa.

Kisha wa kwanza anajitosa, na injini zote zinawaka kwa pamoja. Macho ya watu humtafuta mamba, ingawa wengi wa nyumbu wanaofia mtoni, wastani wa zaidi ya 6,000 kwa mwaka, huzama au hukanyagana wenyewe kwa wenyewe. Waliofika ng'ambo huweza kurudi jioni ile ile walikotoka, bila sababu anayoijua mtu.

Kinachobaki simuni ni video ya dakika nne ya kofia ya jirani aliyesimama mbele na, kwenye kona ya chini kushoto, mkia mmoja.