Yafukieni Maua: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Getty Center, Los Angeles

Waheshimiwa,

Salamu kutoka kwa wageni wenu wawili, mimi na rafiki yangu wa Karatu, tuliopanda kilima chenu kwa kile kitreni kinachopita kando ya barabara ya 405. Kiingilio bure, gari letu ndilo lililolipa, kwa kuegeshwa. Hilo hatulilalamikii. Gari halina habari na sanaa.

Sifa zilituishia kabla hatujaona picha hata moja. Tani 16,000 za mawe ya travatini zilivushwa bahari kutoka Bagni di Tivoli, Italia, mpaka jumba likafunguliwa mwaka 1997! Rafiki yangu alisogea ukutani, akapitisha kidole juu ya jani lililogeuka jiwe, mishipa yake ingali ikihesabika. Mlinzi akamtazama, akatabasamu.

"Jani la Kiitalia naligusa hivi hivi," akasema rafiki yangu. "Nyayo za kwetu hata kuziona siruhusiwi."

Alimaanisha za Laetoli. Mnazijua, maana wataalamu wenu wa uhifadhi, pamoja na Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania, ndio waliozifukia upya miaka ya 1990. Kikosi cha Mary Leakey kilizikuta mwaka 1978: nyayo zipatazo 70 za viumbe waliotembea wima kwenye majivu ya volkano, miaka milioni 3.6 iliyopita. Zikafukiwa, lakini udongo ule ulikuwa na mbegu za migunga. Miti ikaota, mizizi ikaanza kupenya. Mkaja ninyi, mkaondoa migunga, mkatandika mchanga, vitambaa maalumu na udongo, juu mkapanga mawe ya volkano. Kazi safi, hapo sina kejeli. Anayefika makumbusho ya Oldupai huonyeshwa nakala, akapiga picha, akaenda kula.

Sasa ombi letu. Ndani tuliyaona maua ya Van Gogh, "Irises", ya mwaka 1889. Wataalamu wenu wenyewe wameonyesha kwamba yalichorwa yakiwa ya zambarau. Mwanga umekula wekundu, yamebaki bluu. Mwanga, waheshimiwa! Nanyi mmeyatundika peupe, watu wameyazunguka na simu zao mkononi. Uzembe huo Laetoli msingeuvumilia.

Yafukieni. Mchanga, kitambaa, udongo, mawe: utaratibu mnao, bustani mnayo. Ukutani tundikeni nakala, na kibao kieleze kuwa picha yenyewe ipo, haijambo, ila haionekani kwa faida yake. Wageni watanung'unika kidogo, kisha watazoea. Sisi tumezoea. Msomi mwenye shida ya kweli aandike barua, apitie ofisi zote zinazohusika, asubiri kibali cha kufukua.

Mawe ya volkano kwetu Ngorongoro yapo tele. Semeni tu mnataka mangapi, na nauli analipa nani.

Wenu katika uhifadhi,
Wageni wawili