Kameramani wa Ukoo

Ukiwa na simu yenye kamera nzuri, ifiche ndugu wasiione. Wakishaiona umeshaajiriwa, na mshahara hakuna, likizo hakuna, nauli unajitegemea. Kwetu kamera ya kuvaa shingoni iliishia enzi za mkanda wa picha 36, baba alipokuwa akiuliza "zimebaki ngapi?" kabla hajamruhusu mtu kutabasamu. Siku hizi ni simu yangu tu, harusini hadi msibani.

Picha zenyewe sizilalamikii. Msimamishe mtu kivulini saa kumi na moja jioni, mbele yake pawe na ukuta mweupe wa kumrudishia mwanga usoni, uone kama hutaulizwa ni studio gani hiyo. Shida ni kwamba kamera hii ina ajira nyingine. Ni pochi, ni tochi, ni redio, na kila mwenye namba yangu anaweza kuipigia. Philippe Kahn, yule aliyeunganisha kamera na simu na kompyuta mpakato kwenye wodi ya wazazi huko California mwaka 1997, akawarushia watu picha ya bintiye aliyezaliwa siku hiyo, sidhani kama kuna aliyemjia akamwambia, "Hebu nimulikie hapa, hereni yangu imeanguka."

Chukua sendofu ya binti wa baba mdogo. Ndafu inaingia ukumbini, majani mdomoni, wapishi wanacheza nyuma yake, na mimi nimeshajipanga. Baba mdogo ananiinamia sikioni: "Mwanangu, mwenye barafu yuko mlangoni, nilipie kwa simu, nitakurudishia." Nikatoka kwenye kamera, nikaingia kwenye pesa, nikaandika namba, kiasi, namba ya siri, nikasubiri ujumbe. Niliporudi, ndafu ilikuwa imeshapita. Picha niliyopata ni ya mkia. (Hela ya barafu bado naisubiri.)

Wakati wa keki simu ikaniarifu kwamba nafasi imejaa. Ilikuwa imejazwa na nini? Mawaridi yenye umande, njiwa wawili, maandishi ya dhahabu: "Asubuhi njema, uwe na siku yenye baraka." Waliotuma ni hao hao waliokuwa mbele yangu wamepanua midomo kulishana keki, wakinikazia macho kwamba nachelewa. Nikawa nafuta baraka zao moja moja nimesimama.

Umeme ukakatika. Ile namna ya kupiga picha gizani inataka utulivu, maana simu hukusanya picha kadhaa kwa mfululizo kisha ikaziunganisha kuwa moja. Nikapaza sauti, "Msitikisike!" Watu wazima wakaganda. Mtoto wa mbele akageuka kumtazama fundi wa jenereta, akatoka na sura moja na nusu.

Nikala. Niliyemwachia simu kwa muda huo ni kijana aliyekuwa ametoka kula pilau kwa mkono, na kidole chake kilitua juu ya lenzi. Kuanzia hapo kila taa imeota mionzi na kila mgeni ana nuru kichwani kama mtakatifu kwenye kioo cha kanisa, hata wale tunaowafahamu vizuri. Pindo la shati lingetosha kuifuta, ila nani angejua?

Halafu shangazi akataka picha "yenye ukungu nyuma". Ukungu ule si wa lenzi, ni hesabu: simu inakisia mtu anaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Kilemba cha shangazi kilikuwa kimesimamishwa kwa pini nyingi na kimepanda juu sana. Simu ikaamua kwamba nusu yake ni pazia, ikaifunika kwa ukungu.

Kesho yake nikazituma kwenye grupu kama dokumenti ili WhatsApp isizibane ubora. Shangazi akajibu kwa sauti: "Umetuletea mafaili ya nini? Tunataka picha." Nikazituma upya kwa njia ya kawaida, zikapungua ubora, wote wakafurahi. Punde shangazi akabadilisha profaili yake. Ameitoa kwenye picha ya pamoja na kumkata wifi yake, ila vidole vinne vya wifi vimebaki begani, hina ikionekana wazi. Wifi huyo ni mama yangu, na sasa hivi kamera inaita.