Sifa za Mlango Usioitikia

Kwetu hodi hupigwa mara tatu. Ya tatu ikipita na ndani kimya, mgeni hugeuka akaenda zake bila kinyongo, maana mwenye nyumba ana haki ya kuwa shambani, ya kuwa bafuni, na hata ya kuwepo tu lakini hataki watu. Ndivyo tulivyolelewa. Ila waliotulea hawakuwa na intaneti. Mimi mwaka huu peke yake nimepiga hodi 214, nimezihesabu mwenyewe kwenye barua pepe zilizotumwa, na bado nipo barazani. Nimeona kabla sijazeekea hapahapa niuimbie sifa mlango wenyewe, yaani tovuti za ajira, kwa kuwa wanaousema vibaya ni wengi na wa kuutetea hayupo.

Tuanze tulikotoka. Kaka yangu mkubwa alitafuta kazi kwa miguu, miaka ya tisini, bahasha ya kaki kwapani na viatu vya kuazima. Alikuwa akishuka Tazara anaifuata Barabara ya Pugu, ambayo siku hizi ni ya Nyerere, kiwanda baada ya kiwanda. Getini anakuta bati limeandikwa kwa rangi nyekundu: HAKUNA KAZI. Jamani, ukatili gani huo? Maneno mawili, na saa mbili asubuhi mtu mzima ameshaijua hatima yake ya siku nzima. Mlinzi akiwa na huruma huongeza na ya kwake: "Kaka, hata sisi hapa tunadai miezi miwili." Jioni kaka alirudi nyumbani na majibu, akala, akalala usingizi wa mtu aliyejibiwa.

Mimi sijawahi kutendewa hivyo hata mara moja. Nikituma maombi saa nane za usiku, bando likiwa linapumua kwa shida, sekunde hiyohiyo napokea barua: asante kwa kuvutiwa na taasisi yetu, maombi yako yamepokelewa, ni waombaji watakaochaguliwa tu ndio watakaojulishwa, tafadhali usijibu barua hii. Bibi yangu alikuwa na kasuku aliyeijua kazi hii barabara. Ukipiga hodi tu, yeye anaitikia "Karibu!" kwa sauti ya bibi kabisa, na wageni wengi walivua viatu wakaingia mpaka ukumbini kabla ya kugundua kwamba bibi yuko kisimani. Hakuna aliyemchukia yule ndege. Wengine walimletea karanga.

Na ile sentensi ya watakaochaguliwa tuiheshimu kidogo. Imewekwa katika wakati ujao, na wakati ujao hauna tarehe. Hakuna asubuhi utakayoamka ukasema sasa imekuwa uongo. Kuna kazi niliiomba mwaka 2019 ambayo hadi leo haijaninyima. Kampuni yenyewe imeshafunga ofisi na pale ghorofani sasa pana saluni, lakini kunikataa haijanikataa. Mama huniuliza kila Ijumaa, "Wamekuita?" Nami humjibu, "Bado." Neno zuri sana hilo. Si ndiyo wala si hapana, na mtu anaweza kulikalia miaka kama kigoda. Mama hulisindikiza kwa methali, kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, halafu tunanyamaza wote wawili kuusikilizia.

Wapo wanaolalamikia fomu. Unapakia wasifu wako wote, kurasa mbili, kisha ukurasa unaofuata unakuomba uandike upya, kisanduku kwa kisanduku, yaleyale uliyokwisha kuyapakia. Mimi nayaona hayo kuwa mazoezi ya kumbukumbu. Kwa kuyarudia nimeijua tarehe ya kuhitimu darasa la saba kuliko watu wanavyoijua ya ndoa zao. Tovuti nyingine ni za kisasa zaidi, zinausoma wasifu zenyewe na kukujazia. Moja ilinijazia kwamba niliwahi kuajiriwa na Kwimba, kwa cheo cha Mwanza. Nikaona niiache. Uzoefu ni uzoefu, na tangazo lilitaka miaka mitatu kwa nafasi ya mtu asiye na uzoefu.

Na riziki zinazotokana na mlango huu nani atazihesabu? Anayeomba kazi serikalini anayajua masharti yanayotoka Sekretarieti ya Ajira kama anavyoijua sala: uraia, umri usiozidi miaka 45, cheti cha kuzaliwa, wadhamini watatu, nakala za vyeti zilizothibitishwa na wakili, na onyo kwa herufi kubwa kwamba hati za matokeo hazitakubaliwa. Kila koma hapo ni chakula cha mtu. Wakili anagonga mhuri. Steshenari wanaskani. Kijana wa steshenari ya mtaani kwetu amevifahamu vyeti vyangu kiasi cha kuniuliza lini nitaongeza kingine, maana hivi ameshavichoka. Nikitokea tu anasema, "Bro, leo tunapunguza tena?" Shahada yangu, unaona, haipiti. Ukubwa wa faili umezidi. Miaka mitatu chuoni, mkopo ambao bado nadaiwa, na sasa elimu yangu inapunguzwa kwa shilingi mia tano ili ienee mlangoni. Yule kijana ameshapandisha msingi wa nyumba Chanika. Sidai hata tofali, ila nikipita huko huwa najisikia nyumbani.

Lakini sifa kubwa ya mlango huu ni stara. Wenye umri wangu wanakumbuka Juni 2014, pale zaidi ya watu 10,000 walipojaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa ajili ya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Picha zake zilisambaa kila mahali: majukwaa yamejaa mashati meupe, bahasha zimekuwa kofia za kujikinga jua. Ubaya wa siku ile haukuwa jua. Ubaya ni kwamba kila aliyekaa pale alimwona mwenzake, na mtu aliyefika hata darasa la nne anaweza kugawanya elfu kumi kwa sabini. Mtandao umetuondolea fedheha hiyo. Umati ni uleule, pengine umeongezeka, ila taa zimezimwa na kila mmoja ameketi gizani akiamini kwamba uwanjani yuko yeye na mwajiri tu. Nikibofya "tuma" nahisi nimemnong'oneza mtu sikioni.

Wanaopinga watakuja na hoja ya koneksheni. Kwamba kiti kina mwenyewe, mpwa wa fulani, na tangazo limewekwa kutimiza utaratibu. Inawezekana, sibishi. Nasema tu kwamba anayealika mtaa mzima wakati pilau limepikwa la watu kumi angalau anawakumbuka majirani, na moshi wa pilau tumeunusa bure.

Hapa sasa nitoe ushahidi ambao sijausikia kwa mtetezi mwingine. Katika hizo hodi 214, moja ilijibiwa. Ilijibiwa ndani ya dakika kumi, na binadamu, kwa simu. Aliniita kaka. Majina yangu aliyatamka sawasawa, yote matatu. Alijua kwamba nimesomea ugavi, akataja hata mafunzo ya vitendo niliyofanyia bandarini, ambayo nimeyaandika chini kabisa ya ukurasa wa pili. Aliuliza mama hajambo. Kisha akanipongeza: nimechaguliwa, naanza Jumatatu, kilichobaki ni shilingi 35,000 za vipimo vya afya, tuma kwenye namba hii, jina litakalotokea ni la daktari wa kampuni. Sikutuma. Yaani sikutuma zote. Nilituma elfu kumi, nikaomba nyingine nimalizie mwisho wa mwezi, naye akaniambia kwa upole kwamba nafasi haziwezi kusubiri, ndipo simu ikakatika na namba haikupatikana tena.

Nimelitafakari sana jambo hilo. Kati ya wote waliopokea wasifu wangu, tapeli ndiye aliyeusoma mpaka mwisho. Basi siku hizi tovuti ikininyamazia natulia kabisa. Kazi hiyo ni halali. Kampuni hiyo ipo kweli, ina afisa rasilimali watu wa kweli, amekaa kwenye kiti cha kuzunguka na wala hajui kama nimezaliwa. Kimya chake ndiyo leseni yake. Nimeshawaambia vijana wa kijiweni kwamba wakijibiwa upesi wakimbie.

Kuna mmoja tu ambaye mlango huu unanitia haya mbele yake, naye ni mdhamini wangu wa tatu. Ni mwalimu aliyenifundisha Jiografia sekondari, sasa amestaafu, anaishi Kahama na kuku wake. Nilipomwomba niandike jina lake alikubali kwa furaha, na tangu siku hiyo amejiweka zamu. Simu haizimi, hata kanisani. Umeme ukikatika anaipeleka kwa jirani mwenye sola. Namba ngeni akiiona huipokea kwa Kiingereza, amesimama, hata kama ni muuza samaki. Nimeshamweleza kwamba huenda wasipige, akanijibu kwamba mtu mzima hawezi kuombwa namba yake kwenye fomu 200 kisha asipigiwe hata na mmoja, watakuwa watu wa namna gani hao.

Mwezi uliopita akanipigia asubuhi na mapema.

"Mwanangu, wamepiga!"

"Shikamoo Mwalimu. Nani wamepiga?"

"Marahaba. Namba ngeni. Nimewaambia yote."

Na kweli aliwaambia yote. Hakungoja swali. Alianzia kidato cha kwanza, akaeleza ramani ya Afrika niliyoichora bila kutazama kitabu, akafika kwenye mwaka niliokuwa kiranja wa bwalo ambapo sukari haikupungua hata kikombe, akasema nachelewa kukasirika na nawahi kufika. Robo saa nzima. Alipopumzika, yule wa upande wa pili ndipo akapata nafasi ya kueleza kwamba alikuwa anatafuta magunia mawili ya mkaa na amekosea tarakimu moja.

Nikamwambia pole Mwalimu.

"Pole ya nini?" akasema. "Alisikiliza mpaka mwisho. Tena akauliza una umri gani."