Ukarimu wa Viongozi wa Mpira

Wapo mahasidi wadaio kwamba viongozi wa timu zetu za Butembo na Beni hawajui kuunda kikosi. Lakini mwenye insafu atakiri kuwa waungwana hao, ambao shehena zao za biashara hutoka Dubai na Guangzhou, zikapita Mombasa na Kasindi pasipo kupotea parafujo moja, hawawezi kushindwa kumtunza beki mmoja wa kushoto hata msimu uishe, ila humwachilia kwa ukarimu tu. Kwani klabu kubwa kama TP Mazembe ya Lubumbashi, iliyocheza fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu mwaka 2010, yastahili kuletewa vijana waliokwisha kufunzwa. Nasi hatukukosa kitu: tuna kamati mpya, kocha mpya na, alhamdulillahi, jezi mpya, watakazovishwa wachezaji wakipatikana.